Wimbo wa Nane wa Bendi ya Vaga

Nimechoka na wanaume wenye ndevu wanaokuja kwangu na vinasa sauti kuniuliza habari za wimbo wa nane. Wameandika kwamba sauti ya Ognjen mle ndani ni sauti ya kizazi kilichokata tamaa. Mmoja kaandika kuwa ni saruji inayolia. Saruji gani inayolia, mjinga mkubwa wewe? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa upande wa pili wa kioo, na ninajua nilichokifanya. Nitasema mara moja tu, kisha mniache nipumzike.

Bendi yetu iliitwa Vaga, yaani mizani, kwa ajili ya ile mizani ya malori ya beti, mizizi inayotengenezewa sukari, pale kiwandani ambako baba zetu wote walifanya kazi. Tulianza watu wanne mwaka 1980: Milorad kwenye gitaa, Kosta kwenye dramu, mimi Jagoda kwenye besi, na Ognjen mdomo. Tulisema hivyo, mdomo, kwa sababu Ognjen hakuimba kama waimbavyo watu. Aliyatoa maneno kwa sauti nzito, kavu, bila kuyaremba, kama karani anayesoma majina ya waliofeli mtihani. Vijana wa mji wetu, Zrenjanin, walijazana kumsikiliza. Walimu wao walitununia, tukajua kumbe mambo yanakwenda vizuri.

Sasa, historia ya bendi za kwetu ni historia ya kambi za jeshi. Unahangaika miaka miwili kumpata mpiga gitaa, ukimpata na akishaiva, barua ya jeshi hiyo hapo, miezi kumi na tano. Milorad alichukuliwa Juni 1982. Bahati yetu alikuwa ameshapiga sehemu zake zote kwenye kanda. Mwishoni mwa Agosti Ognjen naye akaletewa yake: aripoti Septemba, kusini kabisa, Makedonia. Wakati huohuo kampuni ya santuri ya mji mkuu ikatuandikia kwamba nyimbo zote nane ziwafikie Jumatatu ya tarehe ishirini, la sivyo nafasi yetu inapewa bendi nyingine. Saba zilikuwa tayari. Wa nane, "Zamu ya Tatu", ulikuwa na vyombo vyote ila hauna sauti, na huo wa nane ndio waliokuwa wanautaka.

Nikaenda kumlilia Mzee Lajoš, fundi mitambo wa redio ya mji, aliyekuwa akituingiza studio kwa huruma zake tu. Akavaa miwani, akapekua daftari lake.

"Jumamosi, saa nne mpaka saa sita mchana. Saa sita wanaingia kwaya ya wastaafu, na wale hawangoji mtu. Wana presha."

"Mzee, Jumamosi ndiyo sherehe ya kumuaga Ognjen. Jioni anapanda treni."

"Basi chagua, mwanangu."

Nikachagua. Hakuna aliyenilazimisha.

Kwetu kijana hapelekwi jeshini kimyakimya. Turubai linasimamishwa uani, nguruwe wanachomwa tangu alfajiri, wapiga tambura, magitaa ya kwetu, wanakodiwa, ukoo mzima unakuja na watu ambao hata hujui ni ndugu zako. Na saa ya kuondoka, bibi au mama anasimama langoni na jagi, anamwaga maji nyuma ya kijana ili safari yake ipite laini na arudi salama. Akishamwagiwa, hageuki. Hata akikumbuka kasahau viatu, anaendelea mbele. Akirudi kuingia langoni, basi kutoka jeshini harudi tena.

Nyumba nyingi hufanya hivyo kwa mazoea tu. Kwa kina Ognjen yalikuwa mambo mengine. Baba yake mdogo, Vasa, mwaka 1958, alimwagiwa maji, akafika kwenye kona, akakumbuka sigara zake, akarudi ndani kuzichukua. Miezi mitatu baadaye lori la jeshi lilipinduka naye milimani, akafa. Bibi Desanka, aliyemzaa Vasa, ndiye aliyemmwagia. Mtu yeyote pale kijijini aliyetaka kucheka habari za maji alihakikisha kwanza bibi huyo hayupo karibu.

Jumamosi ile nilifika kwao saa tatu na nusu na Fićo, kigari kidogo cha kaka yangu, Kosta amejikunja kiti cha nyuma. Turubai limeshasimama, moshi kila mahali. Baba yake Ognjen, Mzee Živan, alinijia amekunja mikono ya shati.

"Jagoda, nina wageni mia mbili. Mwenye sherehe unanichukulia unampeleka wapi?"

"Mjini tu, mzee. Saa sita na nusu nimemrudisha."

"Ikifika saa saba sijamwona, hicho kigari chako nakitia kwenye shimo la beti."

Mama Ružica alikuwa anamfuata mwanawe na bakuli la supu kutoka jikoni mpaka kwenye gari. "Kaa basi, kula kidogo. Vijiko vitatu tu."

"Nitakula nikirudi, mama. Acha kuning'ang'ania, wananisubiri."

Hivyo ndivyo alivyomjibu, bila hata kumtazama. Akaingia garini, akainama kutafuta karatasi ya maneno ya wimbo iliyoanguka chini ya kiti. Nikatia gia.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Bibi Desanka. Siku kama ile watu wanakumbuka kumwambia kila mtu, wanamsahau mzee wa nyumba. Yeye alisikia tu injini, akatoka jikoni, akaona mjukuu wake ndani ya gari na gari linaondoka. Kwenye kioo nilimwona anakuja mbio na miguu yake ile iliyovimba, jagi mkononi, akafika langoni, akamwaga maji yote barabarani nyuma yetu. Nyuma yake Mama Ružica alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Imejificha wapi hii karatasi," Ognjen alikuwa anasema chini ya kiti.

Mguu wangu ulikuwa juu ya breki. Nakumbuka vizuri, ulikuwa juu ya breki kabisa. Nikafikiri: nikisimama hapa, bibi atapiga kelele, mama atalia, mzee atakuja, itakuwa saa nzima ya mabishano, na wimbo kwaheri. Nikasema moyoni nitamwambia tukifika mjini. Nikakanyaga mafuta.

Kosta nyuma alikuwa ameshasinzia, yule hata vita ingempita.

Studio ya redio ilikuwa chumba kimoja chenye mapazia mazito, na kioo kikubwa kati yake na chumba cha mitambo. Mashine ya kurekodia ilikuwa na njia nne tu. Tatu zilishajaa vyombo, moja ndiyo ilibaki kwa sauti. Maana yake ni kwamba kila Ognjen akiimba upya, alichoimba kabla kinafutika. Huwezi kuweka mbili ukachagua. Ukisema "rudia", umeshatupa ile ya kwanza.

Mara ya kwanza aliimba kama mtu anayeagiza mkate. Nikamwambia rudia. Mara ya pili akawa anaangalia saa. Ya tatu akaharibu ubeti wa mwisho, akacheka, akasema kwenye maikrofoni, "Nasikia harufu ya nguruwe mpaka hapa."

"Ognjen, acha utani."

"Mimi nimeimba, wewe ndiye umeziba masikio. Huu wimbo ni wa mtu aliyechoka kiwandani, mimi nimechoka, unataka nini zaidi?"

"Nataka nikuamini."

"Haya, kesho kutwa niandikie barua kambini uniambie kama umeniamini."

Mzee Lajoš aliwasha sigara nyingine. Ndipo simu ya chumba cha mitambo ikalia. Ilikuwa saa tano kasoro kumi; saa ya ukutani ilikuwa mbele ya macho yangu. Mzee Lajoš alisikiliza, akanipa mkono wa simu. "Wako."

Alikuwa Mama Ružica, anaongea kutoka kwa jirani yao Smilja, kwa sababu wao hawakuwa na simu.

"Jagoda, mwanangu, bibi amemmwagia maji. Alidhani ndiyo anaondoka. Mzee Živan anasema ni upuuzi, arudi tu aingie. Bibi ameweka kiti katikati ya lango, amekaa, anasema mjukuu wake ataingia akishampita yeye maiti. Wageni wanabishana mpaka wapiga tambura wameacha kupiga. Mwambie Ognjen. Mwambie anipigie hapa kwa Smilja, nisikie sauti yake tu. Hata supu hakula."

"Nitamwambia, mama."

"Mimi sitoki hapa kwenye simu."

"Sawa, mama. Nitamwambia sasa hivi."

Nikaweka simu. Nikamtazama Ognjen kwenye kioo. Alikuwa ameweka ile karatasi kichwani kama kofia, anamchekesha Kosta. Nikaminya kitufe cha kuongea naye.

"Nani alikuwa?" akauliza.

"Watu wa kwaya," nikasema. "Wanauliza tutatoka saa ngapi. Turudie."

Sikuwa na roho mbaya, nataka mjue hivyo, ingawa sijui kama inasaidia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kule nyumbani nilikuwa nimeshaandikishwa kiwandani, idara ya kufungasha, nianze Oktoba. Bila santuri ile nilikuwa naingia kwenye foleni ya wale wanawake wenye vitambaa vyeupe kichwani mpaka nizeeke, mama yangu akiwa mbele yangu na shangazi nyuma yangu. Niliogopa foleni ile kuliko kitu chochote duniani. Ognjen alikuwa na miezi kumi na tano ya jeshi. Mimi nilikuwa na miaka thelathini ya kufungasha sukari.

Akaimba mara ya nne, ya tano, ya sita. Kila mara nilijiambia, hii ikiisha namwambia. Kila ilipoisha ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia, maana sasa alikuwa ameshakasirika na mimi, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeshikwa shule baada ya kengele. Nilimfikiria Mama Ružica kwenye kiti cha Smilja, mkono juu ya simu, nguo yake nzuri inanuka moshi. Saa tano na nusu wastaafu wa kwanza walianza kufika kwenye korido. Nilisikia fimbo zao.

Saa sita kasoro dakika kumi na tano Mzee Lajoš alizima sigara. "Moja ya mwisho, Jagoda. Halafu nafunga. Kilichopo ndicho mtakachopeleka."

Kilichokuwepo hakikuwa na thamani ya kupelekwa hata kwa shangazi.

Wakati huo ndipo nilipojua nitafanya nini, na nilijua kabisa kwa nini. Sikumwambia kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mama yake. Nilimwambia kwa sababu nilihitaji sauti yake ivunjike. Nikatoka chumba cha mitambo, nikaingia studio, nikasimama mbele ya maikrofoni.

"Ognjen. Mama yako amepiga simu sasa hivi."

"Anasemaje? Supu imepoa?"

"Bibi alikumwagia maji asubuhi. Tulipotoka. Alidhani ndiyo unakwenda jeshini."

Uso wake ulibaki na kicheko muda kidogo, kisha ukashuka. "Nyuma ya gari?"

"Nyuma ya gari. Jagi zima."

"Na mimi nilikuwa nimeinama." Akaiweka karatasi juu ya stendi taratibu sana. "Kwa hiyo nimeshaondoka."

"Umeshaondoka."

"Mama nilimjibu vile halafu nikaondoka." Akageukia mlango. "Iko wapi simu?"

Nikamzuia kwa mkono kifuani. Moyo wake ulikuwa unapiga mbio, niliusikia kwenye kiganja. "Imba kwanza. Dakika nne tu. Lajoš anafunga. Ukimaliza piga simu, ongea mpaka uchoke."

"Niache nipite, Jagoda."

"Dakika nne, Ognjen. Milorad kaacha gitaa lake humu. Sote tumeacha vitu humu."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, na sitaki. Kisha akavaa vile vipokea sauti vya masikioni, na mimi nikarudi upande wa pili wa kioo. Mzee Lajoš akawasha taa nyekundu.

Ile ndiyo mnayoisikia. Anaanza chini kabisa, karibu hasikiki. Kwenye ubeti wa pili kuna mahali ambapo besi na dramu zinakwenda zenyewe na sauti haipo. Wenye ndevu wanasema ni ubunifu mkubwa. Ognjen alisahau maneno. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Kosta aliniminya bega mpaka likauma. Kisha ubeti wa tatu ukaanza naye akaingia juu, mahali ambapo hatukuwa tumepanga, mahali ambapo sauti yake haikuwahi kufika, ikapasuka, akaendelea nayo hivyohivyo imepasuka mpaka neno la mwisho.

Na mimi nilifurahi. Nilikaa pale na nywele zimenisimama, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka.

"Tumepata," Mzee Lajoš akasema polepole, kama anaongea hospitali.

Ognjen alipiga simu kwa Smilja mara tatu. Hakuna aliyepokea. Tuliondoka tukiwapita wastaafu waliojipanga kwenye korido na mafaili yao ya nyimbo. Njiani Kosta alijaribu kusema wimbo umetoka vizuri; Ognjen akageuza uso dirishani.

Tulipoingia kijijini nilikanyaga breki. Mtaa ulikuwa umefungwa. Walikuwa wametoa meza zote chini ya turubai, wakazipanga barabarani mbele ya nyumba, moja baada ya nyingine mpaka kwa Smilja. Wageni mia mbili wamekaa katikati ya barabara ya lami, trekta moja na lori la beti vimesimama nyuma vinangoja, na dereva wa lori alishapewa sahani. Bibi Desanka bado alikuwa kwenye kiti chake langoni, fimbo magotini, anahakikisha. Mzee Živan alinijia, nikajua leo kigari kinaingia shimoni, lakini alipita bila kuniona, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Wanawake wameamua," akamwambia. "Mimi ni nani? Kaa ule."

Mama Ružica aliweka bakuli mbele yake. Ognjen akaishika ile mikono yake kabla haijaachia bakuli, akaibusu yote miwili mbele ya watu wote.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa naimba. Ningejua ningekupigia."

"Hapana, mwanangu, najua una kazi. Nilikaa tu pale kwa Smilja tangu saa tano kasoro, nikasema atapiga, atapiga. Jagoda alisema anakwambia sasa hivi. Ilipokaribia saa sita wakaniita tutoe meza."

Alisema bila kinyongo chochote. Alikuwa anamkatia mkate.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Ognjen hakuinua kichwa. Alikula supu yote, taratibu, kijiko kwa kijiko, mpaka mwisho. Kisha akala nyama, akacheza na shangazi zake, akavalishwa begani taulo lenye tarizi kama wavalishwavyo vijana wanaokwenda jeshini, akapiga picha na kila aliyetaka. Kwangu hakuja. Mimi nilikuwa na kanda mkobani, nimeukumbatia mkoba kama mwizi. Nilijiambia labda hakusikia vizuri. Nilijiambia kelele zilikuwa nyingi.

Saa kumi alianza kuaga. Kwetu unambusu kila mtu mara tatu, hata adui, siku hiyo hakuna ubaguzi. Alimbusu baba yake, mama yake mara nyingi bila kuhesabu, Bibi Desanka palepale kwenye kiti, majirani, wapiga tambura, dereva wa lori la beti asiyemjua. Nikamwona anakuja. Nikaweka mkoba chini, nikanyoosha shingo.

Akanipa mkono. Mkono tu, kama mtu wa ofisini.

"Funguo za gari mpe Kosta. Atanipeleka yeye stesheni."

"Ognjen, sikiliza, nilikuwa nataka..."

"Wimbo umeupata, Jagoda," akasema, taratibu, kwa sauti yake ileile kavu ya siku zote. "Sasa tafuta mwimbaji."